Kengele ya Watachoka

Mbwa wa Anton aliitwa Watachoka, na kijiji kizima kilijua ni kina nani watakaochoka. Huko kwao, nje kidogo ya Sikonge, mtu akiwa na neno asiloweza kumwambia mwenzake usoni, hutafuta mbwa, akampa neno hilo liwe jina, kisha asubuhi na jioni humwita kwa sauti mpaka aliyekusudiwa asikie. Hakuna baraza litakalokushitaki kwa kumwita mbwa wako mwenyewe.

Aliyekusudiwa alikuwa jirani yake Consolatha, Mama Sixbert, mjane aliyepika supu ya makongoro kila alfajiri karibu na bucha. Kati ya nyumba zao palikuwa na ua wa minyaa, mfupi kiasi cha mtu mzima kuona upande wa pili bila kujinyoosha, na mrefu kiasi cha kujifanya hajaona.

Kisa kilianza siku wakwe walipoleta mahari kwa binti wa Consolatha. Anton wakati huo alikuwa na mzinga mmoja nyuma ya nyumba. Nyuki wake, ama walichukizwa na ngoma, ama waliipenda harufu ya pombe ya asali iliyoandaliwa, wakaamua kuhudhuria na wao. Wajomba wa bwana harusi walikimbilia bwawani na suti zao mwilini. Posa haikuvunjika, ndoa ilifungwa, na wajukuu wapo hadi leo. Lakini Consolatha alisema Anton ndiye aliyewatuma nyuki wale, na Anton, aliyejua kwamba nyuki hatumwi na mtu, akakataa kutamka hata pole. Aliona akisema pole atakuwa amekiri. Badala yake akaenda kutafuta mtoto wa mbwa.

Haukupita muda Consolatha naye akatokea na kipaka chenye mabaka, na jioni hiyo hiyo watu wakamsikia akikiita: "Hatuchoki! Hatuchoki, njoo ule."

Tangu hapo majirani hao hawakusemeshana. Kanisani kigangoni, padri akisema watu wapeane amani, Consolatha alinyoosha vidole viwili na Anton alivigusa kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Mengine yote yalipitia kwa wanyama. Mbuzi wakivunja ua, Anton alimweleza Watachoka, kwa sauti ya kufika ng'ambo, kwamba kuna watu hawajui kamba inauzwa wapi. Moshi wa Anton ukivuka minyaa, Hatuchoki aliambiwa kwamba kuna watu hawajui upepo unavumia wapi. Mbwa na paka walisikiliza haya yote kwa uvumilivu, wakakua, wakazeeka.

Katika kuzeeka huko, mbwa alipata kazi ambayo jina lake halikuitaja. Anton alishikwa na presha ya macho. Aliona mbele kama anayechungulia kwenye bomba: uso wako aliuona vizuri, akasoma hata jinsi ulivyomkasirikia, lakini kisiki kilichokuwa mguuni pake hakukiona, wala tawi lililomjia pembeni. Mizinga yake aliishusha kutoka juu ya miti na kuining'iniza kwa waya usawa wa kifua, na kazi ya kulina aliiweza kwa vidole na masikio, kwa kuwa nyuki husikika kabla hawajaonekana. Shida ilikuwa njia. Basi Watachoka alifungwa kengele ya mbuzi shingoni, akatangulia, na Anton akaifuata kengele. Waliacha barabara ya vumbi, wakashika kipande cha njia ya kale ya misafara, ile ambayo babu wa babu yake aliipita na pembe begani hadi Bagamoyo, kisha wakaingia msituni. Penye kisiki mbwa alisimama mpaka bwana wake afike, halafu akaendelea. Nani alimfundisha? Hakuna. Mbwa mwenye akili hujiajiri mwenyewe.

Anton alikuwa na binti mmoja, Elieth, mwalimu wa sekondari Tabora mjini, mwenye nyumba nzuri ya bati jekundu na chumba cha ziada. Tangu mama yake afariki, Elieth hakupata usingizi mzuri kwa kumfikiria baba yake msituni. Alimsihi ahamie kwake. Anton alikataa mara hii, akakataa mara ile, hadi siku moja, kwa kutaka tu chakula kiliwe kwa amani, akasema: "Mwanangu, siku Watachoka atakaposhindwa kunifikisha mizingani, nitakuja mwenyewe na begi langu." Wakati huo mbwa alikuwa anakimbiza sungura. Elieth akasema amesikia, na mwalimu akisema amesikia ujue ameandika kichwani. Anton naye hakuwa mtu wa kula maneno yake.

Mvua za mwaka huu zilipokuwa katikati, kengele ikanyamaza.

Watachoka aliamka asubuhi akanyanyua miguu ya mbele, ya nyuma ikakataa. Alisimama kwa awamu, kama mzee anayeinuka kwenye mkeka. Alitembea hadi kwenye jiko, akalala. Anton akasema ni baridi ya mvua, itapita. Haikupita. Akaanza kumtibu kwa dawa aliyoijua, na kwa mlina asali dawa ni moja. Asali ilimponya kikohozi akiwa mtoto, ilimponya jeraha la shoka, iliwekwa kwenye ulimi wa Elieth siku aliyozaliwa. Akampa mbwa asali juu ya ugali asubuhi, asali juu ya ugali jioni, na mchana, kwa sababu mgonjwa hubembelezwa, kidogo tena. Mbwa alilamba sahani mpaka ikang'aa. Lakini kutembea ndiyo kwanza kulizidi kuwa kugumu.

Anton aliogopa, na hofu yenyewe haikuwa ya nyumba ya bati jekundu. Elieth angemtunza kama yai. Aliogopa asubuhi isiyo na msitu, kukaa barazani mjini akisikiliza bajaji, akiulizwa kama amekula. Mtu aliyezoea kutafuta njia yake hata kwa kengele hataki kuwekwa kwenye kiti na kuambiwa atulie.

Ndipo akapita Asmahani, afisa mifugo kijana, kwa pikipiki, akichanja kuku dhidi ya kideri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kuku wangu wazima. Hebu niangalie huyu."

Asmahani alichuchumaa, akamshika mbwa kiwiko, akakikunja taratibu, akasikiliza kwa vidole. Akamshika nyonga. Mbwa akaguna. Kisha akampapasa tumboni, akacheka.

"Mzee, unampa nini huyu?"

"Asali," Anton alisema kwa fahari. "Kila siku. Na ugali wa kutosha."

"Ndiyo maana. Viungo vimelika, hii ni baridi yabisi, ile ile ya kwetu binadamu. Sasa miguu mibovu umeitwisha na kitambi. Hata mpagazi angeweka mzigo chini."

Anton alimpapasa mbwa kitambi. Alikuwa amemtwisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, kwa mapenzi.

"Sitakudanganya," Asmahani akaendelea. "Kiungo kilicholika hakioti upya. Lakini maumivu yanaweza kupungua akatembea vizuri tu. Kwanza apungue. Ugali nusu, asali basi. Pili, mpe dagaa wakavu, walowekwe na wachemshwe bila chumvi, mafuta ya samaki yanasaidia viungo. Manjano kidogo ukipenda, ya kubana kwa vidole. Wengine wanayasifu, mimi nasema hayadhuru. Na kikubwa kuliko vyote, makongoro. Yachemshwe mpaka yalainike yenyewe, supu ikipoa igande, ikushike vidole. Ile inayogandisha ndiyo tunayoitaka. Mifupa toa yote, mfupa uliopikwa unapasuka kama kioo na utamchana tumbo. Na usitie chumvi, wala kitunguu cha aina yoyote. Kitunguu ni sumu kwake."

"Na Panadol? Usiku analalamika."

"Usithubutu, mzee. Dawa zetu za maumivu zinaua mbwa. Paka ndiyo kabisa, hata nusu kidonge unamzika. Akizidiwa nipigie, zipo za kwao."

Asmahani akawasha pikipiki, akamwacha Anton na jambo moja gumu. Dagaa walikuwepo gengeni. Manjano yalikuwepo. Ila bucha ya kijiji ilichinja ng'ombe mmoja kwa siku, na ng'ombe, kama Mungu alivyopanga, ana miguu minne, na yote minne ilikuwa ya Consolatha kabla jua halijatoka. Angeweza kununua supu yake, bila shaka. Ila Consolatha hupika supu ya binadamu: chumvi, kitunguu maji, kitunguu saumu na pilipili ya kumtoa mlevi machozi. Ilimpasa amwombe mguu mtupu. Na kuomba lazima kuanzie na neno.

Alilitafuta neno hilo kwa siku kadhaa. Alisimama kwenye minyaa, akakohoa, akarudi ndani. Alifikiri kumtuma Sixbert, mtoto wa Consolatha mwenyewe, lakini Sixbert alikuwa Nzega kwenye biashara ya pamba. Alifikiri kwenda bucha alfajiri kumwahi, akajiona anakimbizana na mwanamke kwa ajili ya kwato, akaona haya. Mbwa alilala akimtazama.

Asubuhi moja alikuwa amesimama hapo hapo kwenye minyaa akijikohoza, Watachoka amejilaza miguuni pake, alipomwona Consolatha ameketi kwenye kigoda uani, Hatuchoki mapajani. Paka alikuwa amekonda mgongo. Anton akakumbuka kwamba ni muda mrefu hajamwona akirukia dirishani alipokuwa akilala juani. Consolatha alikuwa na kisahani pembeni, na juu ya kisahani alikuwa anaponda kitu cheupe kwa mgongo wa kijiko.

"Vumilia, bibi yangu," alikuwa anambembeleza paka. "Mimi nimeshameza changu kwa ajili ya magoti. Sasa zamu yako. Tutapona wote."

Akamiminia mchuzi wa dagaa, akakoroga, akakisogeza kisahani kwenye pua ya paka.

Anton alifungua mdomo. Miaka yote hiyo alikuwa amezoea kumpitia mwanamke huyu kwa mzunguko. Hakujua amwite nani. Kisha sauti ikamtoka yenyewe.

"Hatuchoki," alisema. "Usile hicho."

Kijiko kilisimama. Paka aliinua kichwa, kwa kuwa jina lake alilijua hata likitamkwa na adui. Consolatha hakugeuka. Alinyoosha shingo kama mtu aliyepandwa na siafu.

"Watachoka," alijibu akiutazama ukuta wa jiko, "mwambie anayekulisha kwamba paka wangu ana mama yake."

"Hatuchoki, mwambie mama yako kwamba daktari wa mifugo alikuwa kwangu. Kasema kidonge cha binadamu kinaua paka. Hata nusu. Kama hataki kuniamini mimi, namba ya daktari ninayo."

Paka akaanza kunusa kisahani. Consolatha akakinyakua haraka mpaka mchuzi ukamwagikia kanga, akaenda nacho chooni, akakimwaga shimoni kuku wasije wakakifikia. Aliporudi aliketi kwenye kigoda, akamkumbatia paka, na Anton akaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa analia, mwanamke ambaye hata siku ya nyuki hakulia.

"Watachoka," alisema hatimaye, na sauti haikuwa na makali. "Muulize basi nifanye nini. Usiku hawezi hata kupanda kitandani. Analia chini, mimi juu nalia naye."

Anton alijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Alijiegemeza kwenye minyaa, ikamchoma, hakujali.

"Hatuchoki, mwambie mama yako asilie. Dawa anayo mwenyewe, iko sufuriani kwake kila asubuhi."

Akaeleza yote aliyoambiwa, neno kwa neno, akimwelekezea paka: makongoro, dagaa, mifupa itolewe, chumvi hapana, kitunguu hapana. Consolatha alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Mwisho akamwuliza mbwa ikiwa huyo bwana wake naye alikuwa anahitaji mguu wa ng'ombe, au alikuwa anajikohoza kwenye ua wa watu siku zote hizo kwa sababu ya mafua. Anton akakiri, kupitia paka, kwamba ni mguu.

Tangu kesho yake, katika miguu minne, mmoja ulikuwa na sufuria yake ya pembeni. Wateja wa supu walinung'unika kwamba makongoro yamepungua, wakaambiwa kuna wagonjwa. Kabla hakujapambazuka sawasawa, bakuli lilivushwa juu ya minyaa, na Anton akarudisha la jana likiwa limeoshwa, na ndani yake dagaa waliochemshwa kwa ajili ya paka. Wiki ya kwanza palitokea mgogoro. Anton, aliyekuwa akionja kila bakuli, akagundua chumvi.

"Hatuchoki, kuna mtu katia chumvi."

"Watachoka, mwambie nimetia punje tu. Sijapata kumpa mgeni supu baridi isiyo na chumvi tangu nizaliwe. Mtu atasema nimemtukana."

"Mwambie mbwa hasemi."

"Hasemi, lakini ananitazama."

Chumvi ikakoma, ingawa Consolatha aliendelea kumwomba mbwa radhi kila anapompa supu hiyo. Naye Anton, aliyeona paka anatamani dirisha lake, siku moja akaja na matofali akampangia ngazi yenye vipandio vifupi, akipapasa kila tofali kwa kiganja mpaka likakaa sawa. Kuingia kwa lango la Consolatha kulimchukua muda mrefu kuliko kupanga matofali. Walishughulika uani bila kutazamana, wakimwuliza paka kama ngazi inatosha.

Wala tusitie chumvi na sisi. Hapakutokea muujiza. Zilipita wiki nyingi za ugali nusu, na Watachoka aliyadai makombo kwa macho ya yatima. Lakini kitambi kilishuka. Asubuhi moja Anton akasikia mlio mdogo uani, akatulia, ukaja tena. Mbwa alikuwa anatembea kuelekea kwenye minyaa, kabla ya bakuli kufika. Anton aliketi kizingitini akaisikiliza kengele hiyo mpaka chai ikapoa. Wakaanza kutembea jioni, kwanza hadi bucha, kisha hadi barabarani, baadaye hadi mwanzo wa njia ya misafara, na kurudi polepole.

Mvua zilipokatika na majani ya miombo kuanza kukauka, Elieth, aliyekwisha kupata habari za mbwa, akaja kutoka Tabora. Aliteremka kwenye bodaboda na begi kubwa tupu. Baba yake aliligusa akaelewa.

"Baba, nimekuja kuona msimu wa asali," alisema kwa upole. "Sijaja kugombana. Tuliahidiana."

"Tuliahidiana," Anton alikubali. "Kesho tunaona."

Alfajiri Anton alikuwa tayari na ndoo na bomba lake la moshi. Elieth aliyekuwa na mafua hakuruhusiwa kwenda, maana nyuki hawapendi mtu anayepiga chafya. Akaahidi kungoja nyumbani. Watachoka alishasimama langoni. Na langoni hapo, kichwa kizima kimefunikwa chandarua na kufungwa kwa kanga shingoni, palikuwa na Consolatha.

"Hatuchoki kaniambia nimsindikize mgonjwa mwenzake," alimwambia mbwa. "Supu yangu yote ile haiwezi kwenda kufia njiani nisione."

Wakaondoka, kengele mbele, Anton katikati, chandarua nyuma. Mbwa alikwenda vizuri. Alisimama penye visiki vyake vya zamani, kimoja baada ya kingine, na Anton moyoni akawa anakaribia kuimba. Walipita njia ya misafara, wakaingia msituni, wakafika penye mninga mkubwa ambapo kijia kinagawanyika. Hapo kengele ikasimama. Anton akangoja iendelee. Haikuendelea. Alipapasa chini, akamkuta Watachoka amekaa, ulimi nje, miguu ya nyuma inatetemeka.

Anton alichuchumaa. Akaishika miguu ile, akaisugua, akaisikia ilivyo na joto. Mizinga ilikuwa mbele kidogo tu. Kidogo tu, lakini si kufika.

"Basi, mzee mwenzangu," alimwambia. "Umefanya ulichoweza. Turudi, nikafunge begi." Na macho yake mabovu, ambayo kwa kulia hayakuwa mabovu hata kidogo, yakajaa.

"Mizinga iko upande gani?"

Alidhani ameulizwa mbwa. Aliponyanyua uso, akaona chandarua kinamwelekea yeye.

"Kushoto," alisema.

"Mimi kisiki nakiona. Wewe njia unaijua. Yeye apumzike hapa." Consolatha aliokota ndoo. "Nyanyuka, Baba Elieth, jua linapanda."

Wakaenda. "Kisiki," alisema Consolatha, na Anton akavuka. "Tawi," na Anton akainama. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara, na msitu ulimtii. Mizingani Anton akapuliza moshi, akafungua, akaingiza mikono, na kwa muda wote huo alikuwa kijana. Masega yalitoka mazito, yamezibwa vizuri. Consolatha aliyapokea kwa ndoo, akasonya mara moja tu, kisha akapiga yowe fupi. Nyuki alikuwa amepata tundu kwenye chandarua.

"Pole, Mama Sixbert," Anton alisema, akili yake yote ikiwa kwenye sega.

Halafu wote wawili wakalisikia neno hilo. Consolatha alisimama na ndoo, shavu linaanza kuvimba.

"Hiyo ni ya leo," aliuliza, "au ya siku ile?"

Anton aliliweka sega ndooni.

"Chukua zote mbili."

Consolatha alicheka ndani ya chandarua, kwa muda mrefu, mpaka nyuki wakaanza kuudhika.

Ndoo ilipojaa waligeuka, na hapo wakagundua kwamba miombo, kwa mtu asiyeizoea, ni mti mmoja uliorudiwa. Consolatha alichagua kijia, akakikana, akachagua kingine. Anton hakuwa na la kumsaidia, kwa kuwa njia ya kurudi siku zote alikuwa anaisikia, haioni.

"Mwite," alisema.

"Nani?"

"Mbwa. Sauti yangu haifiki."

Consolatha akaweka ndoo chini, akafunua chandarua hadi puani, akavuta pumzi.

"Watachokaaa!"

Jina hilo lililotungwa kumkera yeye likapita kati ya miti. Kisha kwa mbali, upande wa kulia, mbwa akabweka, na kengele ikalia kwa nguvu, ya mbwa anayetikisa shingo bila kuinuka. Consolatha akaita tena, kengele ikajibu tena, na hivyo, wakiitana na mbwa, wakafika kwenye mninga. Watachoka alikuwa amepumzika vya kutosha. Akawatangulia hadi nyumbani, taratibu, kama mwenye shughuli.

Elieth aliwakuta langoni. Alitazama ndoo, akamtazama mama wa supu aliyevimba shavu moja, akamtazama baba yake.

"Alifika?" aliuliza.

Anton angeweza kusema ndiyo. Mbwa asingebisha.

"Hapana," alisema. "Aliishia kwenye mninga. Ahadi ni ahadi, mwanangu. Lete begi."

Consolatha alitua ndoo. Alitafuta kwa macho, akamwona Hatuchoki ng'ambo ya minyaa, juu ya kizingiti cha dirisha, penye ngazi ya matofali, anaota jua.

"Hatuchoki," alisema kwa sauti ya kufika, "mwambie mwalimu kwamba mzee hakuenda peke yake. Wala kesho haendi peke yake, wala msimu ujao. Na mimi nikichoka, nitamwambia mwenyewe."

Elieth alikuwa amekua akiwasikia watu hao wawili wakipigana kwa mbwa na paka. Alijua hilo lilikuwa na uzito gani. Alilishika begi, akaliangalia, akaingia nalo ndani. Alipotoka alikuwa amejaza ndani yake chupa tupu alizozikuta jikoni, akaanza kuzifuta moja moja, tayari kwa asali ya kupeleka Tabora.

"Nitakuwa nakuja kila likizo," alisema. "Na hiyo supu nataka kujua inapikwaje. Kwangu nako kuna paka mzee."

Kesho yake alfajiri, kabla jogoo hajamaliza, sauti iliruka juu ya minyaa kama ilivyoruka miaka yote.

"Watachoka!"

Mbwa alijiinua, mbele kwanza, kisha nyuma, kwa awamu zake. Kengele ikalia uani, ikavuka lango la nyumba ya pili, na huko ikasikika ikigonga ukingo wa bakuli. Halafu sauti ile ile ikaongeza, chini kidogo, kwamba kuna sufuria nyingine yenye chumvi na kitunguu, Baba Elieth akitaka. Anton akachukua bakuli lake, akaifuata kengele.